Mwizi wa Kuku wa Uyole

Seremala mmoja hupita sokoni Uyole viganja vikiwa wazi mbele yake, kila mtu avione vitupu. Ndiye aliyetunga hadithi ya sinema iliyopigwa hapa mwaka juzi, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuigiza mwizi wa kuku, akamwigiza yeye mwenyewe. Tangu gari la sinema lilipoionyesha kwenye shuka jeupe, akina mama wakimwona huvuta vikapu vyao karibu. Naye huwaamkia mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, akapita.

Mwaka huu wapiga picha wa sinema walirudi, wakataka hadithi nyingine. Akawatungia ya mchawi. Yotamu, seremala mwenzake, akadakia, “Huyo mchawi nipe mimi!” Yeye akaendelea kupiga randa. “Mkeo anauza viazi, Yotamu. Nani atanunua viazi kwa mke wa mchawi? Mimi wameshanizoea.”

Sinema ilipokwisha kuonyeshwa, alikwenda kununua viazi kwa Sekela, mke wa Yotamu. Sekela alimpimia vizuri tu, kisha akamfunika mwanawe uso kwa kanga, macho ya mchawi yasimpate. Siku hizi seremala hupita sokoni viganja wazi, na macho chini.