Maji Yafunikeni, Ataoga Akirudi

Simu ilinikuta Ikungi, siku ya gulio, nikibishana na muuza vitunguu. Aliyenipigia ni mmoja wa wajitoleaji wa chuoni, na aliniambia kwa kifupi kwamba mama wa duka la vitenge ametutoka asubuhi ile na atazikwa kabla ya magharibi. Nami, kama mtu yeyote wa huku kwetu, kabla hata ya kusema pole nilimwuliza ilikuwaje. Aliugua nini? Ilianza lini? Alikuwa hospitali au nyumbani? Badala ya jibu, tukacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaotaka kulia, kwa sababu tulijua marehemu angenitazama vipi kama angenisikia.

Wasomaji wa safu hii mnanijua: udadisi ndio unaonilisha. Ndio ulionipeleka kwake kwa mara ya kwanza, miaka kadhaa iliyopita, niliposikia kwamba chuo kimoja hapa mjini kina kikundi cha watu wanaojitolea kuwa karibu na wanafunzi waliobakwa au kudhalilishwa: kuwasindikiza hospitali, kwenda nao dawati la jinsia polisi, kukaa nao tu kama hawataki kwenda popote. Wengi walikuwa wanafunzi. Yeye alikuwa mtu wa mjini, mjane Mwislamu wa familia yenye asili ya Kihindi iliyouza nguo Singida tangu enzi za babu yake, mwanamke aliyepatana bei kwa Kinyaturu na wateja kutoka Mwankoko na kuwashinda. Nilitaka kumhoji. Alinijibu kwamba kama nina muda wa maswali, basi nina muda wa kwenda kwenye mafunzo yao, na huko akanikalisha kwenye kiti mbele ya wote akasema leo mwandishi ndiye aliyekutwa na hayo.

Ilikuwa maigizo tu, lakini jasho lilinitoka. Wajitoleaji wapya walikuja mmoja mmoja, vijana wema kabisa, na kila mmoja baada ya pole alikuwa na swali. Ulikuwa wapi? Unamfahamu? Kwa nini hukupiga kelele? Alipofika wa nne nilikuwa nimeanza kujitetea kwa jambo ambalo halikunipata. Kisha yeye akavuta kiti, akakiweka ubavuni mwangu badala ya kunikabili, akakaa. Alikaa muda mrefu kiasi cha kunitia wasiwasi. Halafu akauliza, "Unataka nini sasa?" Nikajikuta nasema nataka maji ya kunywa, akainuka kwenda kuyaleta.

Kuna binti mmoja ambaye sasa ni mwalimu katika mkoa mwingine. Ndiye aliyenisimulia haya na kuniruhusu niyaandike. Alikuwa mwaka wa pili. Asubuhi ya Jumapili alirudi hosteli akiwa ameumizwa na mtu aliyemwamini, na wenzake wa chumbani wakafanya kile ambacho mama zao wangefanya. Mnajua kwetu mtu akifika ametoka safari au msibani, au amepatwa na lolote zito, huwekewa kwanza maji ya moto aoge. Basi waliweka maji. Mmoja alichukua sabuni, mwingine akaanza kuloweka khanga yake kwenye beseni ili asiione tena. Hawakujua kwamba wanamwoshea mkosaji ushahidi wake. Mwenzao mwingine ndiye aliyekumbuka namba ya wajitoleaji na kupiga.

Mama wa vitenge alifika na mfuko wake wa siku zote: dera jipya la dukani kwake, kandambili, na mfuko wa karatasi wa kuwekea nguo zitakazopelekwa hospitali. Binti alikuwa bado hajaoga. Hata katika hali ile alimwamkia shikamoo, na hapo tu, aliniambia, ndipo machozi yalipomtoka mama. Wale marafiki walipoelezwa kwa upole kwa nini maji yasubiri, waliingiwa na hofu, na mmoja akabeba ndoo kwenda kuimwaga kana kwamba ina sumu. Mama akamzuia. "Msiyamwage, wanangu. Yafunikeni, ataoga akirudi." Kisha akakaa kitandani kando ya binti na kumwuliza swali lake moja. Binti alisema anataka kwenda hospitali, ila asiulizwe tena na mtu ambaye kazi yake si kuuliza. Wakaenda. Alipewa dawa, nguo zikachukuliwa, hata khanga yenye maji. Jioni maji yalipashwa upya, akaoga, akavaa dera.

Baba yake alipopata habari alipanda basi kutoka Kinampanda akiwa ameshaamua: binti arudi nyumbani, chuo basi, na wazee wataitana na upande wa pili wayamalize kimyakimya. Mama alimpokea dukani, akampa chai, akamwacha aseme yote. Alipomaliza, mama alimwomba jambo moja, kwamba ampe binti nafasi aseme anachotaka, na asimwulize kingine. Mzee yule alianza maswali mengine mara mbili akajizuia, kisha akamwuliza mwanawe anataka nini. Binti akasema, "Baba, nataka kufanya mtihani, na nataka uje nami polisi." Baba akaenda naye. Kesi ilikuwa ndefu na si yangu kuisimulia, lakini mtihani aliufanya.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kuhusu maswali yetu. Huku kwetu kuuliza ni mapenzi. Salamu zetu zinapita kwa watoto, mashamba hadi mifugo, na mtu asiyeuliza tunamwona ana kiburi. Ndiyo maana nadhani kazi ya wajitoleaji hawa ni ngumu kuliko inavyoonekana: wanajifunza kuzuia upendo wao usitoke kwa njia uliyoizoea. Lakini nakiri bado nataka kujua. Kwa nini yeye? Mjini kuna wanaosema naye yalimkuta ujanani, wengine wanasema yalimkuta ndugu yake, wengine wanasema ni upweke wa ujane tu. Nilimfahamu miaka yote hiyo na sikupata hata fununu.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kumwona binti wa pekee wa marehemu, anayeishi nyuma ya duka. Nilimkuta ameketi kati ya majora ya vitenge, macho mekundu. Akaniambia kila mgeni aliyeingia amemsimulisha ugonjwa wa mama tangu mwanzo hadi mwisho, na akimaliza anaingia mwingine, anaanza upya. "Halafu wananiuliza alianzaje ile kazi yake," alisema. "Wewe nawe umekuja kuuliza?"

Ndiyo, nilikuwa nimekuja kuuliza. Swali nilikuwa nalo mdomoni tangu siku ya gulio. Nikavuta kiti, nikakiweka ubavuni mwake, nikakaa, nikasubiri hadi kimya kikaacha kunitisha. Kisha nikamwuliza anataka nini sasa. Alinitazama kama mtu aliyesikia sauti anayoijua, akalia kidogo, akajifuta.

"Nataka kuoga," alisema. "Tangu mama afariki sijaoga bila mtu kunigongea mlango."

Nikafunga mlango wa duka, nikaenda jikoni kubandika maji.