Aspirini Chini ya Ulimi

Nilitoka Kisumu, nikapitia Kitale na Eldoret nikijaribu kazi hii na ile, mpaka nikatua Nakuru kwenye kiwanda cha unga. Zahanati ya kiwanda ilitibu wafanyakazi bure, lakini si wake zao. Na wangu, Rebeka, alikuwa halali usiku kwa maumivu ya mgongo.

Basi nikajifanya mgonjwa wa mgongo mimi. Dresa, mhudumu wa zahanati, akanipa aspirini mbili na kikombe cha maji. Sheria yake ilikuwa umeze mbele yake. Nikazificha chini ya ulimi, nikanywa maji, nikageuka kwenda.

"Ngoja, bwana. Watoto hawajambo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na kule kwenu mvua imenyesha?"

Nikaitikia tena. Aspirini zilikuwa zikiyeyuka, chungu kama nyongo.

"Mbona husemi? Ama mgongo umehamia mdomoni?"

Foleni nzima ikacheka. Nilipojaribu kujibu, uji mweupe ukanitiririka hadi kwenye shati. Nikajua kazi imekwisha.

Dresa akanipa kitambaa. "Ni mama watoto anaumwa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

Akafunga aspirini nyingine kwenye karatasi. "Kumbe mgongo wako uko nyumbani. Upelekee hizi."

Siku niliyohama Nakuru nilikutana na dresa stesheni. "Mgongo unaendeleaje?" akauliza. Nikamwonyesha Rebeka, aliyekuwa ametangulia kupanda behewa, amejitwika mzigo mkubwa kuliko wangu.