Sentensi Mbili za Bi Maelezo

Pale hospitalini walimwita Bi Maelezo, na jina lenyewe lilikuwa la utani kabla halijawa la heshima. Kwa miaka kumi na tisa alichapa barua za madaktari, watu ambao mwandiko wao ulimtoa jasho. Kisha programu ya hospitali ikaongezewa msaidizi wa akili mnemba, wa kupanga miadi na kuwapigia wagonjwa simu. Ikaonekana msaidizi huyo hawezi kutumia zana yoyote ya programu mpaka aandikiwe kila moja ni ya nini, itumike lini na isitumike lini. Mafundi wa kompyuta walijaribu kuandika wao kwanza, ikawa vurugu tupu, maana fundi humweleza fundi mwenzake. Kazi akatupiwa yeye.

Aliivalia njuga. Aliandika kama anayemwelekeza mtu mwerevu aliyeanza kazi asubuhi hiyo, asiyejua hata choo kiko wapi. Akimaliza zana moja, alimpa mfagizi wa ghorofa aisome. Mfagizi akikuna kichwa, alirudi kuandika upya. Zana ishirini na tatu zikaisha hivyo, na nisiseme uongo, alianza kutembea kifua mbele.

Mojawapo ilikuwa ya kuachia nafasi kwenye mashine za kusafisha damu. Mashine ni sita, wagonjwa wa figo ni wengi, na nafasi isiyothibitishwa hupewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Bi Maelezo aliandika sentensi mbili: "Mpigie mgonjwa mara tatu siku moja kabla. Asipopokea, mpe nafasi hiyo anayefuata." Fupi, safi, hata mfagizi hakukuna kichwa.

Jumanne moja saa mbili asubuhi, muuguzi wa kitengo hicho akampigia: ashuke, mama yake amefika na nafasi yake ina mtu.

Alimkuta mama kwenye benchi la ukutani, mkoba na shuka mapajani, miguu imevimba hadi viatu amevikanyaga visigino. Alikuwa akisafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, na kwa miaka minne hakukosa hata mara moja. Kwenye mashine yake alikuwepo kijana aliyekwisha kuunganishwa mirija. Kumtoa haikuwezekana wala isingekuwa haki. Muuguzi alihangaika na ratiba, akapata mashine ya saa tisa alasiri. Saa saba za kusubiri, na mwili unazidi kujaa maji. Bi Maelezo aliogopa, na hakumficha mtu.

Juu ofisini, mkuu wa mafundi alimfungulia kumbukumbu za simu. Jana yake msaidizi alipiga saa nne, saa nane na saa kumi na moja. Mama hapokei namba asizozijua, matapeli wamemchosha. Mkuu wa mafundi, kwa nia njema kabisa, akasema waandike kwenye ripoti kwamba programu imekosea, yaishe.

"Haikukosea," alisema Bi Maelezo. "Imefanya nilivyoandika."

Ripoti ikaandikwa hivyo, kwa jina lake. Kisha akampigia karani mstaafu wa miadi, waliyemwita Mzee Kadi, akamuuliza zamani alimpataje mama. Mzee Kadi alilishangaa swali lenyewe. Alikuwa akimpigia fundi cherehani wa jirani, basi. Imeandikwa kwenye maoni ndani ya faili. Kila karani alisoma maoni kabla ya kugusa nafasi ya mtu. Bi Maelezo alilijua hilo miaka yote, kama anavyojua kufungua mlango kabla ya kuingia, na ndiyo maana halikumjia kuliandika. Na faili la mama hakuwahi kuliona, kwa kuwa wafanyakazi wamekatazwa kufungua mafaili ya jamaa zao.

Alimng'ang'ania Mzee Kadi kwenye simu mpaka saa sita, akimuuliza na mengine ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Sentensi mbili zikawa kumi na moja. Ya kwanza ilisema: "Soma maoni kabla ya kupiga simu, huenda mgonjwa hupatikana kupitia mtu mwingine." Ya mwisho ilikataza kuachia nafasi ya yeyote bila muuguzi kukubali. Mfagizi alisoma, akasema sasa yamekuwa marefu. Akajibiwa kwamba ndiyo, yamekuwa.

Saa tisa mama aliunganishwa. Uso wake ulipoanza kuchangamka, muuguzi alileta faili wahakiki mawasiliano. Mama alikiri kwamba namba ya fundi cherehani aliitoa yeye mwenyewe, ili binti yake asisumbuliwe kazini. Muuguzi akauliza sasa aandike nini.

"Andika apigiwe binti yangu, ikibidi," alisema mama.

Bi Maelezo alikuwa amesimama kando ya mashine, shuka la mama mkononi.

"Hiyo 'ikibidi' msaidizi hataielewa, mama," alisema. "Hata mimi siielewi. Dada, andika 'wakati wowote'."