Penseli Hupandisha Tu

Chiriku aliimba miaka ishirini na minne akiamini kwamba kila wimbo una mahali pake, kama dirisha lilivyo na mahali pake ukutani. Hulipendi? Pole. Utachungulia hapohapo.

Mahali penyewe palichaguliwa na vidole vya mumewe. Huyu mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alitengeneza redio siku za kazi na kupiga gita mwisho wa wiki, na kazi zote mbili alijifunza kwa kufungua na kufunga mpaka kitu kikubali. Redio akiigonga mgongoni mara mbili, inaongea. Gita alilirithi kwa marehemu kaka yake, akajifungia nalo miezi minne, akatoka na mikao mitatu ya vidole. Mitatu, basi. Kwa mikao hiyo alipiga kila wimbo alioombwa, na ukimsikiliza hungejua kwamba ni mitatu, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa na maneno mengi kuliko mke wake. Hilo tumpe, tusije tukamwonea mtu.

Wimbo ukitakiwa kupanda, Fundi alikuwa na kipande cha penseli na ukanda aliokata kwenye mpira wa baiskeli. Penseli aliilaza juu ya nyuzi, akaikaza kwa ule mpira nyuma ya shingo ya gita, na mikao ileile mitatu ikatoa sauti ya juu zaidi. Alipenda kuwaonyesha wageni. "Wenzangu wanaandikia," alisema, "mimi napigia." Watu walicheka. Chiriku naye alicheka, miaka ya mwanzo.

Penseli hiyo ilikuwa na ubaya mmoja. Inapandisha tu. Kushusha haijui.

Walifanya kazi wawili, mke na mume, kwenye hoteli moja yenye bustani, chakula cha mchana cha Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine Chiriku alishona sare za shule nyumbani. Alipofika miaka hamsini na moja, sauti yake ilihama. Haikufa, nasema ilihama. Ilishuka, kama mtu mzima anavyokataa kulala kitanda cha juu. Lakini yeye hilo hakulijua, na wa kumwambia hakuwepo. Alichojua ni kwamba katika wimbo wao wenyewe, ule ambao kila mgeni aliuomba, "Sikulaumu Mvua", ubeti wa tatu una mahali ambapo sauti lazima ipande na ikae, na koo lake pale lilikwama kama mlango uliovimba kwa unyevu.

Alianza kwa tangawizi. Akaongeza chumvi. Tangawizi iliposhindwa, akatia ujanja: akifika pale juu, anamnyooshea mgeni kipaza sauti, anatabasamu, anasema, "Haya wapenzi, nisaidieni." Wageni wakadhani ni ukarimu. Alikuwepo mzee mmoja wa meza ya pembeni ambaye alipaimba huku amefumba macho, na kuanzia hapo akawa anakuja kila Jumapili kungojea zamu yake.

Meneja hakuwa mgeni. Alikuwa kijana wa shati lililonyooka, mtu wa kuongea na wewe huku anasoma simu. Jumatatu moja alimwita Chiriku hotelini, akamsimamisha karibu na kabati la vitambaa vya meza.

"Mama, pale juu mbona unawapa wageni?"

"Wanapenda."

"Wanapenda kula. Kuimba nimekuajiri wewe." Akapandisha macho kutoka kwenye simu, na hapo ndipo Chiriku alipojua kwamba jambo ni zito. "Jumapili kuna mama mmoja anastaafu, wenzake wamemwandalia chakula hapa. Wimbo wenu ameutaja kwa jina. Uuimbe mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Ukishindwa, mwezi ujao namjaribu yule binti wa mapokezi. Ana sauti."

"Na Fundi?"

"Fundi ana shida gani? Atampigia. Yule binti anafika popote anapopiga Fundi."

Chiriku akacheka, kwa kuwa kinywa kilikuwa hakina kazi nyingine ya kufanya. Kumbe ni rahisi hivyo. Unachomoa taa iliyoungua, unachomeka nyingine, kishikio ni kilekile.

Jumatano mazoezi yakamkuta Fundi ameungua vidole viwili kwa chuma cha kulehemu. Meneja akamwita mtu wa kushika nafasi kwa siku hiyo, mwalimu wa shule ya msingi, dada wa miaka thelathini hivi, anayefundisha watoto kuimba na kupiga vyombo. Alitembea na gita mgongoni na daftari la muziki mkononi. Fundi alishakutana naye kwenye harusi ya watu, akampa jina papo hapo: Daftari. "Yule," alisema, "siku akiibiwa lile daftari amekuwa bubu."

Walifanyia mazoezi stoo, nyuma ya jiko la hoteli, katikati ya viti vilivyopandanishwa na mitungi ya gesi. Mwalimu akaanzia pale anapoanzia Fundi. Chiriku akaenda naye, ubeti wa kwanza, wa pili, na kwenye ubeti wa tatu sauti ikapasuka kama kikombe. Akakohoa.

"Vumbi," akasema.

Mwalimu akavitazama vile viti, vilivyofutwa asubuhi ileile kwa ajili ya Jumapili.

"Mama, sauti yako inakaa wapi?"

"Inakaa kooni, mwanangu. Ya kwako umeiweka wapi?"

Mwalimu akacheka kwanza, kisha akasema, "Nauliza ni wapi unapoimba bila kupigana. Hebu niimbie bila gita. Kama unavyoimba ukiosha vyombo."

Jambo hilo Chiriku hakuwa amewahi kuulizwa na mtu, awe mume au meneja. Akaimba kama anayeosha vyombo. Mwalimu akagusa uzi mmoja, akagusa mwingine, akatikisa kichwa, akagusa tena.

"Uko hapa. Hatua tatu chini ya gita la baba. Basi tuimbie hapa."

Akahamisha vidole vyake, akaanza, na wimbo ukatoka uleule, na kila kitu chake, isipokuwa umekaa chini. Ubeti wa tatu ukafika. Sauti ikapanda, ikakaa, ikabaki na nafasi ya kunyoosha miguu. Mpishi akatokea mlangoni na kitunguu mkononi.

"Dada, ni redio au ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Sasa siku zote ulikuwa umejificha wapi?"

Utadhani alifurahi. Alikasirika mpaka masikio yakawaka. Miaka miwili ya tangawizi. Miaka miwili ya kulala akijiambia, basi wewe mwanamke umekwisha, shukuru ulichokula. Kumbe dawa ilikuwa ni mtu kusogeza vidole.

"Hicho ulichokifanya," akamuuliza Mwalimu, "ni kigumu?"

"Wiki tatu, mama. Nne. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wanakifanya."

"Usirudie maneno hayo mbele ya watu. Nina mume."

Mume mwenyewe alikuwa nyumbani, mezani kwake, redio tatu zimefunuliwa matumbo mbele yake. Chiriku hakukaa hata chini. Alisema yote akiwa na mkoba begani.

"Wimbo uko pale nilipouzaa," Fundi akasema.

"Uliuzaa wewe, nauimba mimi. Kati yetu nani ana koo?"

"Ndege hakwenda shule, mke wangu, na anaimba."

"Anaimba anapotaka mwenyewe. Hapa ndege ni mimi, Fundi. Tundu ni wewe."

Ilimtoka hivyo, na haikurudi. Fundi akaweka bisibisi chini taratibu. Akalichukua gita, na kwa vidole vyake vilivyofungwa kitambaa akalegeza nyuzi, zote sita, hatua tatu. Zikalala. Alipozipiga zikavuma kama nzi ndani ya kopo. Akazikaza upya. Kisha akajaribu kuutafuta wimbo kule chini bila penseli, akaweka hapa, akaweka pale, na Chiriku akamwona kama mtu anayepapasa swichi ya taa katika nyumba isiyo yake. Miaka ishirini na minne ile, hakuwahi kumwona hivyo. Alikuwa amezoea kumwona akijua.

"Unataka niende kwa Daftari," Fundi akasema hatimaye, akiangalia redio. "Mtoto wa juzi yule. Aniambie baba, kidole hiki weka hapa. Watu hawa wote wanaoniita Fundi, baada ya hapo wataniitaje?"

Chiriku akapiga hesabu palepale, mkoba bado begani. Akiimba mahali pa mumewe, nafasi yake inakwenda. Akiimba mahali pake, nafasi ya mumewe inakwenda. Nyumba ya vyumba viwili, mlango mmoja, na safari hii watu wawili hawapiti pamoja. Siku tatu, hata Jumamosi ambayo hawakupiga kwa sababu ya vidole, walizungumza habari za sukari na funguo tu.

Jumapili vidole vilikuwa vimepona kiasi. Bustanini kulikuwa na turubai, meza kumi na nane, na yule mama mstaafu katikati, maua kifuani. Waliimba nyimbo nne nyepesi, Chiriku akizikwepa pembe kwa uzoefu. Ukafika wa tano. Desturi yao ilikuwa moja tangu ujana: Fundi anapiga mara mbili, Chiriku anaingia. Fundi akapiga mara mbili.

Chiriku hakuingia.

Fundi akarudia. Sauti ya gita ikaelea, ikafa. Uma zikaanza kutua kwenye sahani, mojamoja. Meneja akaondoa macho kwenye simu. Na katika kimya hicho, baada ya gita kusahaulika kabisa, Chiriku akaanza mwenyewe, chini, pale pa kuoshea vyombo.

Mstari wa kwanza Fundi hakupiga kitu. Kwa pembe ya jicho Chiriku aliiona mikono yake imening'inia juu ya gita kama nguo kwenye kamba. Alijua anachomfanyia. Asiseme mtu kwamba hakujua. Akaendelea kuimba.

Mstari wa pili, uzi mmoja ukasema. Ule mnene, peke yake. Ukakosea, ukakosea tena, ukapata. Sikio la Fundi halikuwa kilema hata siku moja. Vyenye kifungo vilikuwa vidole. Akamfuata mkewe noti moja baada ya nyingine, kwa uzi mmoja, kama kipofu aliyeshika upindo wa nguo ya anayemwongoza sokoni. Jasho lilimdondoka juu ya gita. Ubeti wa tatu ukafika, sauti ikapanda, ikakaa, na Chiriku hakumnyooshea mtu kipaza sauti. Yule mzee wa meza ya pembeni alikuwa ameshafumba macho tayari; akayafumbua, akaona zamu yake imepita.

Mama mstaafu alisimama kupiga makofi. Wakasimama wote.

Meneja alimkuta Chiriku nyuma, kwenye meza ya sahani safi. "Mama, hivyo ndivyo. Wiki ijayo hivyohivyo, ila yule mwalimu ndiye atapiga. Fundi leo kapotea."

"Hakupotea. Alikuwa na njia moja."

"Mimi sihitaji mtu wa njia moja."

Mlango ulikuwa wazi, ndugu msomaji. Alichotakiwa ni kutoka, peke yake, akiwa na sauti yake. Chiriku akajisikia anasema, "Nipe mwezi mmoja. Atakuwa anajua."

"Na asipojua?"

"Asipojua tunaondoka wote wawili. Unamchukua binti wa mapokezi na roho yako inatulia."

Meneja akakubali upesi kuliko Chiriku alivyotarajia. Hivyo ndivyo Chiriku alivyojifungia kwa mkono wake mwenyewe.

Pale stoo, Mwalimu, ambaye alikuja kusikiliza tu, alikuwa amesimama mbele ya Fundi. "Baba, ulichofanya kwa uzi mmoja mimi nisingeweza. Bila karatasi ningenyamaza mpaka mwisho."

"Usinibembeleze, Daftari," Fundi akasema, akilifunga gita. Halafu, bila kuinua uso: "Shule inafungwa saa ngapi?"

Jumatatu alasiri, watoto walipokwisha kutawanyika, Fundi aliketi darasani kwenye kiti cha mwanafunzi wa darasa la pili, magoti yamekaribia masikio. Chiriku alibaki barazani juu ya kigoda, anapinda sketi za sare. Ubaoni Mwalimu aliandika namba za ngazi ya sauti, moja mpaka saba.

"Moja ni nani, baba?"

"Mwenye nyumba."

"Nne?"

Fundi akahesabu vidole vyake, akapotea njiani.

"Wachukulie kama ukoo. Ukihama nyumba, mjomba anakuwa shangazi?"

"Hawezi."

"Basi na wimbo ni hivyohivyo. Ukiuhamisha, unahama na ndugu zake wote, kila mtu na cheo chake. Mikao yako mitatu ndiyo hao: moja, nne, tano. Ukiwajua hao, utauweka popote mama anapotaka."

"Na penseli yangu?"

"Utaandikia."

Chiriku angeweza kucheka, na hakucheka. Alimsikia mumewe akikosea, akisahihishwa, akiambiwa tena, akikosea palepale. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imebanwa, inapanda pasipofika. Sauti hiyo Chiriku aliijua. Alikuwa ameibeba kooni miaka miwili. Ndiyo kwanza wiki ya kwanza, na mwezi una wiki nne.

Ndani, Fundi akaangalia dirisha, lina nondo. Akaangalia mlango. Akakohoa.

"Vumbi," akasema, akianza kuinuka.

Chiriku akachukua kigoda chake, akakiweka katikati ya mlango, akaketi akimwelekea, akatia uzi kwenye sindano.

"Tena, baba," Mwalimu akasema. "Kuanzia moja."