Kocha Aliyetupeleka Kuwaamkia Wapinzani

Nimwanzishe au nimweke benchi? Swali hilo lilininyima usingizi tangu tulipomzika kocha wa kikapu wa chuo chetu cha ualimu hapa Mbulu. Presha ilimchukua ghafla, na tulipotoka makaburini mkuu wa chuo akanikabidhi timu mimi, mhitimu wa juzi nisiye na ajira, eti kwa kuwa niliwahi kuichezea. Mechi na wenzetu wa Babati ilikuwa Jumamosi. Mchezeshaji wetu, yule anayepanga mashambulizi na kugawa mipira, mwanachuo kutoka Hirbadaw, alikuwa akipoteza mpira kila anapobanwa, na wenzake walitaka atolewe.

Nilipomfikiria marehemu, nilikumbuka aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza chuoni tulicheza na chuo cha Katesh, kwao, upepo wa mlimani ukitujaza vumbi machoni. Nilipangiwa kumzuia mtu mzima ambaye, kumbe, ndiye aliyenifundisha darasa la tatu kule Nambis. Alikuwa amerudi masomoni kujiendeleza, katika chuo hicho chao. Alipokuja na mpira nikasogea pembeni, mikono chini. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, hujambo?" akaitikia, akapita, akafunga. Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Mpokee na mzigo!" akapaza sauti mmoja wa wenzangu. Kocha akaomba muda, nami nikajua natolewa. "Umemsalimia?" akaniuliza. "Ndiyo, kocha." "Ameitikia?" "Ameitikia." "Basi mmemalizana. Rudi, mzuie." Nikarudi, na mwalimu hakupita tena kirahisi. Tangu siku hiyo, kabla ya kila mechi, kocha alitupanga mstari tukawaamkie wakubwa wa upande wa pili, mmoja mmoja, ili heshima iwe imeshatolewa kabla ya filimbi.

Tangu tupate mkoa wetu wenyewe na vyuo binafsi vianze kufunguliwa, nasikia watu wakisema timu ni viatu na urefu. Viatu sasa vinauzwa hata mnadani. Lakini mimi sikurefuka katika ile dakika moja ya Katesh. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye uwezo wa kunitoa hakunitoa. Je, alijua anachofanya, au alibahatisha? Na kama mchezaji huambukizwa alichonacho kocha wake, mimi mwenye wasiwasi hivi nitawaambukiza nini?

Jumamosi nilimwanzisha. Alipoteza mpira mara mbili mfululizo, na benchi zima likanigeukia. "Kocha, mtoe bwana, tunakufa!" Nikageukia uwanjani, nikamwacha aendelee kucheza. Sekunde za mwisho, tukiwa nyuma kwa pointi moja, alipenya katikati ya mabeki wawili, akarusha, akakosa. Tulifungwa. Alinijia ameinamisha kichwa. "Nisamehe, kocha." Nikampa maji.

Nimelitafakari sana hili, pengine kupita kiasi. Naamini mchezaji huacha kuogopa anapokosea mbele ya watu na bado akaaminiwa. Leo asubuhi nimebandika ubaoni orodha ya mechi ijayo, na jina lake nimeliandika la kwanza.