Siku Niliyomwacha Kamau Kwenye Hifadhi ya Zamani

Mwanangu, niliwahi kumfuta rafiki yangu marehemu nikiwa nimevaa slipasi, kikombe cha chai mkononi, na bado nikajipongeza kwa kazi safi.

Siku hiyo naikumbuka vizuri. Nywele zangu zilikuwa bado nyeusi, lakini tayari nilikuwa mtu wa kukaa nyumbani. Hata kwenda dukani hapa Kaptembwo niliaga kama msafiri. Mimi na Kamau tulikuwa tumewaandikia wafugaji wa Molo programu ya kupokea maziwa. Sote tuliishia kidato cha nne. Mengine tulijifunza kwa kuharibu. Kamau alipofariki, nikabaki na repo yetu, ile hifadhi ya mtandaoni inayoweka programu pamoja na kila badiliko na jina la aliyelifanya. Halafu kampuni iliyotuhifadhia repo hiyo ikasema inafunga, tuhame.

Nikahama kama kijana anayetoka bedsitter, kile chumba kimoja cha kupanga: nikabeba vinavyoonekana. Nikakopi mafaili ya mwisho, nikayapandisha kwenye hifadhi mpya, nikaandika "kila kitu" kwenye maelezo ya badiliko, nikaenda kuota jua mlangoni. Ukungu ulikuwa unainuka polepole upande wa ziwa, na mimi nikaona dunia yote iko sawa.

Jirani yangu Wairimu, dadake Kamau, akaja kuomba makaa ya moto. Akaniambia nimwonyeshe mahali ndugu yake aliandika, maana picha zake anazo, ila maneno yake hana. Nikafungua. Kila mstari ulikuwa na jina langu, siku ile ile, kana kwamba niliumba mbingu na nchi kabla ya chai ya saa nne.

Akaniangalia. "Na Kamau?"

Nikaweka kikombe chini. Bahati yangu, hifadhi ya zamani ilikuwa haijafungwa. Nikaanza upya: nikavuta repo nzima kwa clone ya mirror, yaani nakala kamili yenye historia yake, matawi yote na alama zote, nikaisukuma vile vile kwenye hifadhi mpya iliyo tupu, kisha nikalinganisha huku na kule kabla ya kusema nimemaliza. Kamau akarudi, na maelezo aliyoandika kando ya mabadiliko yake. "Usitoe mstari huu. Mvua ikinyesha, maziwa ya jana hufika leo." Na juu yake: "Naenda Kikopey kula mbuzi. Usiguse kitu." Nilisoma mpaka nikahisi amesimama nyuma ya kiti, ananuka moshi wa nyama.

Basi mwanangu, ukihama usibebe hali ya leo peke yake. Beba na njia iliyokuleta, na majina ya waliotembea nawe, na usifunge mlango wa zamani kabla hujahakikisha wote wamefika. Mungu akupe mikono yenye subira, na marafiki wanaostahili kukumbukwa.

Wairimu naye alisoma yote taratibu, akapangusa macho kwa leso, akachukua makaa yake. Akiwa mlangoni akageuka, akaniambia: "Kumbe kazi alifanya Kamau, wewe ulikuwa unakunywa chai tu."