Asekenye na Baba Mkwe Aliyetafuta Mnada

Mwaka wa 1966 Asekenye wa Osukuru alikuwa akilea watu wawili. Bintiye Elinah alikuwa na miezi tisa, anatambaa na kutia udongo mdomoni. Mzee Ikwap, baba mkwe wake, alikuwa amepita miaka sabini, na kila kukicha alijiandaa kuswaga ng'ombe mnadani Malaba. Ng'ombe wenyewe walikwisha zamani. Mnada nao ulihama kabla Asekenye hajaolewa.

"Baba, mnada haupo," Asekenye alikuwa akimwambia, amepiga magoti mbali naye, maana mila ilimkataza mke wa mwana kumgusa baba mkwe.

"Nani kakwambia? Wewe mtoto wa nani?"

Swali hilo aliweza kuliuliza mara sita kabla ya chai. Mara tano Asekenye alimjibu kwa adabu, ya sita kwa kusaga meno. Mumewe, Osire, alishinda kwenye kiwanda cha mbolea, na akirudi neno lake lilikuwa moja: "Vumilia."

Jumatano moja asubuhi Asekenye alimwacha mzee kwa jirani, akaenda na Elinah kanisani, ambako Bi Anjeline, mwalimu kutoka Tororo, aliwafundisha akina mama malezi.

"Mtoto mchanga ukimficha kijiko, hudhani kimekwisha duniani," alisema Anjeline. "Akikaribia mwaka, atakitafuta. Akitimiza miwili, kila kitu atasema hataki. Msimpige, akili inakua hiyo."

Asekenye akanyoosha mkono. "Na akifika sabini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Anjeline akafunua daftari lake mpaka mwisho. "Mimi nilifundishwa mpaka miaka kumi na minne tu, mama."

"Baada ya hapo akili haiendi popote?"

"Hawakutuambia."

Asekenye aliondoka na moto kifuani. Kwa jirani akakuta mkeka mtupu: mzee alikuwa ameaga kwamba anakwenda mnadani, na hakuna aliyemzuia. Akamfunga Elinah mgongoni, akaishika barabara ya Malaba, akiuliza kila aliyekutana naye.

Alimkuta alasiri, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, ameketi juu ya gunia la Selpher, mwanamke muuza maharagwe. Mzee alikuwa akichambua maharagwe: mabovu huku, mazima kule, wala hakosei.

"Huyu mzee wako?" Selpher akauliza. "Alikuja akitafuta ng'ombe. Nikamwambia wanakunywa maji, akae kwanza. Ametulia tangu mchana."

"Umemdanganya."

"Na wewe ukweli umemwambia mara ngapi? Umesaidia?"

Asekenye akamfunga Elinah upya mgongoni. Kilichomuuma ni kwamba mgeni wa nusu siku ameweza alichoshindwa yeye miaka miwili.

Wakaanza safari, mzee mbele, yeye nyuma kwa heshima. Aliwaomba wanaume wawili wamshike mzee mkono wavuke naye barabara. Mmoja alicheka, mwingine hakusimama. Mzee akajitoma barabarani, akasimama katikati, lori linakuja linapiga honi. Asekenye akaruka, akamkamata mkono, akamvuta. Soko zima liliona. Hakumwachia mpaka Osukuru.

"Ng'ombe wako wapi?" mzee aliuliza njiani.

"Wanakunywa maji, Baba."

Habari zilitangulia. Jioni hiyo hiyo Okochi, shemeji yake, alikuwa amesimama uani.

"Umemshika Baba mkono? Hadharani?"

"Nimemshika."

"Basi utatoa kuku, wazee watakase boma."

"Nitatoa. Na kesho akitoka, utamfuata wewe, shemeji?"

Okochi akatazama viatu vyake, akasema atakuja kuzungumza na Osire Jumapili.

Kuku alichinjwa, wazee wakamla mpaka shingo, kisha kila mtu akarudi kwake. Asekenye aliendelea kumshika mzee mkono mwaka mmoja na nusu, mpaka miguu ya mzee ilipogoma. Hasira haikumtoka hata siku ya mazishi ya mzee, pale wanaume waliposimama mmoja mmoja kusimulia jinsi walivyomtunza baba yao.